Miisho Mitatu ya Mchezo wa Wahu

S.L.P. 6117,
Kitengela.
Jumatatu, 9 Juni 2025.

Mpendwa Wahu, mtoto wa dada yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye upepo na vumbi. Ni matumaini yangu kwamba barua hii inakukuta ukiwa mzima, kifua hakikusumbui, na ile baridi ya Finland imeanza kukuonea huruma. Sisi huku hatujambo. Miguu yangu inavimba nikisimama sana sokoni, na daktari ameniambia nipunguze chumvi na kusimama. Chumvi nimepunguza.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia kwa karatasi kama watu wa zamani. Ni kwa sababu nikikupigia simu unaniambia uko sawa, kazi iko sawa, hali ya hewa iko sawa, halafu unaniambia unaingia mkutanoni. Karatasi huwezi kuiambia unaingia mkutanoni. Anwani nimeitoa kwenye lile boksi la chokoleti ulilotutumia Krismasi, na chokoleti zenyewe alizimaliza mjomba wako Musila akijifanya anazionja.

Musila bado yuko na lori lake, anapakia vitunguu Kimana na kuniletea hapa Kitengela. Msimu huu vitunguu vimekuwa vizuri, vyekundu na vikavu, wala havinuki unyevu. Caro wangu amemaliza chuo na anatafuta kazi, na wakati anaitafuta anakaa kwenye kochi langu na tarakilishi yake. Kwa baba yako mambo ni yale yale, duka la mabati na misumari asubuhi, kanisa Jumapili, na chai isiyo na sukari tangu aambiwe ana kisukari kidogo.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Baba yako anacheza gemu yako.

Usicheke. Ni Caro aliyeanza. Alikuwa anacheza huo mchezo wa *Punda Watatu* kama wanavyoucheza vijana wote siku hizi, na alipoumaliza akaona jina lako likipita mwishoni, kwamba hadithi imeandikwa na Wahu Gakuru. Akapiga kelele mpaka nikafikiri ameona nyoka. Hukutuambia hata siku moja kwamba ndicho unachokifanya huko. Ulisema tu unafanya kazi na kompyuta, nami nikawa nawaambia watu sokoni unatengeneza kompyuta.

Basi Jumapili moja baada ya ibada Caro alibeba ile mashine yake ya kuchezea gemu mpaka nyumbani kwa baba yako, akaichomeka kwenye TV ya sebuleni, akamwekea pad, kile kidude cha kubonyeza, mikononi. Baba yako aliishika kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshikie. Nilidhani ataiweka chini baada ya dakika mbili. Tangu siku hiyo mashine haijarudi kwangu.

Wahu, nataka kukusifu, na unanijua sisifu ovyo. Mimi sijui michezo ya video. Lakini nilipoona yule msichana wako Sera akitoka na mkokoteni kwenda kisimani, punda watatu mbele, mitungi ikigongana nyuma, nilisikia ule mlio wa mtungi mtupu nikajua mtu aliyetengeneza kitu hiki amechota maji huku kwetu mwaka wa kiangazi. Hata masikio ya punda umeyaweka sawa, moja likisimama na lingine likilala. Na yule mchungaji wa Kimaasai anayemsalimu Sera njiani, Sera akainamisha kichwa aguswe kwanza kabla ya neno lolote. Mzungu hawezi kubuni kitu kama hicho. Nilitamani mama yako angekuwa hai akione.

Na ile kona ya juu yenye ukungu, pale barabara inapoanza kuteremka bondeni, Musila aliiona tu akasema hiyo ni Kona Baridi. Nikamwambia ndiyo, ni pale Wahu alipolia baridi tukienda Magadi na watoto wa shule ya Jumapili, mama yake akamvika sweta yake mwenyewe ikamfika magotini.

Baba yako anacheza polepole mno. Hampigi punda fimbo hata pale mchezo unapomwambia ampige. Kila baada ya kipande kidogo cha njia anawasimamisha wanywe maji, na Caro anaketi pembeni akitamani kujitia kidole jichoni. Anamwambia, "Uncle, hiyo si lazima, unaeza songa tu." Yeye anamjibu kwamba mnyama wa watu hafanyiwi hivyo. Lakini kwa polepole yake hiyo ameufikia mwisho wa mchezo kwa njia zote tatu, na hapo ndipo matata yalipoanzia.

Wewe unaijua miisho yako, lakini acha nikwambie jinsi sisi tulivyoiona. Wa kwanza, Sera anaolewa na Masila, yule dereva wa lori la maji, na mama yake Masila, yule Kavata mnene, anampokea mlangoni na uji. Wa pili, Sera anarudi kwa baba yake, mzee anafungua geti mwenyewe na kuwapeleka punda kunywa maji bila kumwuliza mtoto alikuwa wapi. Wa tatu, Sera anapanda ile kona ya ukungu na punda mmoja, peke yake, na skrini inakuwa nyeupe.

Caro anasema watu wa mitandao wamegawanyika vibaya juu ya jambo hili. Kila mmoja anataka kujua upi ndio wanaouita canon, yaani mwisho ambao mwandishi mwenyewe anausimamia, ile mingine ikiwa ya kujifurahisha tu. Wanapima vivuli, wanahesabu nyota za angani, kuna Mbrazili ameandika kurasa nyingi juu ya rangi ya yule punda anayebaki. Nilimwambia Caro hao watu hawana vitunguu vya kuuza.

Lakini baba yako alilichukua kwa uzito, na sababu unaijua. Siku ile ulipomkataa kijana wa Rongai, mbuzi za ruracio, za mahari yako, zikiwa tayari zimeingia bomani, alikwambia usimpigie simu mpaka uwe na mume. Mbuzi zikarudishwa, wewe ukapanda ndege, na tangu hapo nyinyi wawili mnasalimiana kupitia kwangu kana kwamba mimi ni posta. Hajawahi kuniambia kama anajutia maneno yale. Anachoniuliza kila mara ni kama unaishi na mtu, kama kuna anayekungoja jioni, na mimi nimekuwa sina la kumjibu. Alipoona gemu yako aliamua kwamba jibu limo humo. Sera ni wewe, akasema, na huo mwisho wa kweli ndio utakaomwambia unavyoishi.

Musila alimwambia hiyo ni hadithi tu, lakini naye Musila alikuwa na upande wake. Yeye anasimamia Masila, kwa sababu Masila ana jina karibu na lake, ni dereva, ni Mkamba, na anaegesha lori vizuri. Baba yako alisimamia geti. Hilo sihitaji kukueleza. Caro alikuwa wa ukungu tangu mwanzo, anasema ndio mwisho wenye muziki mzuri.

Jumapili ya tarehe mosi walilimaliza jambo hilo kabisa. Tulikuwa tumekula kwa baba yako, na wale wanaume wawili hawajui kubishana ila kwa njia moja, kwa hiyo walibishana kama wako kwenye ruracio. Musila alisimama, akavuta suruali juu, akasafisha koo na kuanza kusema, "Sisi tumetumwa na watu wa dereva." Baba yako akamjibu ameketi, mikono juu ya bakora, kwamba wenyeji wamesikia na wangependa kujua wageni wanamtambua msichana kwa alama gani. Caro alikuwa anawachukua video akicheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa naosha vyombo jikoni, mlango wazi, sitaki kupitwa na neno.

Musila akatoa hoja zake. Dereva alimletea Sera maji kisima kilipokauka. Dereva ana mama mzuri. Na mwishoni kabisa kuna mtoto, na mtoto hatoki hewani.

Hapo naomba nieleze habari za huyo mtoto, maana sisi wengine hatukumwona mpaka baba yako alipotuonyesha. Caro anasema majina yakianza kupita yeye hubonyeza aende zake. Baba yako habonyezi. Anasoma majina yote, hata ya Wafini yasiyotamkika, kama anavyokaa kanisani mpaka tangazo la mwisho, na lako likifika anavua miwani na kuivaa tena. Ndiyo maana akakiona kile kipande kifupi baada ya majina, kile kile kwa miisho yote mitatu. Chumba chenye mwanga wa jikoni. Sauti ya mwanamke inaita, "Mbithe, njoo ule." Mtoto anajibu, "Nakuja, mama," na miguu midogo inapita mbio sakafuni.

Wote tulijua Mbithe ni jina la mama yako. Tulidhani ulimkumbuka tu, na nililia siku ya kwanza, nikaishia hapo. Caro anasema hata wale wa mitandaoni wanakijua kipande hicho, lakini kwao jina ni jina.

Baba yako alimwacha Musila amalize. Kisha akamwuliza mama yake dereva anaitwa nani. Musila akasema kila mtu anajua anaitwa Kavata. Baba yako akamwuliza, kwao Ukambani, mtoto wa kwanza wa kike wa Masila ataitwa nani. Musila akaketi.

Nilitoka jikoni na povu mikononi. Wahu, katika watu wote duniani wanaobishania mchezo wako, na Mbrazili wao, ni baba yako muuza misumari aliyelitatua, kwa jambo ambalo kwetu halihitaji hata kusemwa. Mtoto wa kike wa kwanza huitwa mama ya baba yake, kwenu Wagikuyu na kwetu Wakamba vilevile. Wewe mwenyewe ni Wahu kwa sababu hiyo, na ndiyo maana baba yako alikuwa akikuita maitu, mama yangu, ukiwa bado unatambaa. Mtoto wa Sera angekuwa wa dereva angeitwa Kavata. Ameitwa jina la mama ya mama yake kwa sababu upande wa baba hakuna aliyesimama.

Baba yako alifurahi sana. Akasema basi hakuna mume, kwa hiyo msichana alirudi nyumbani, kwa hiyo ni geti. Caro akampigia makofi. Akamwomba Caro amwekee tena kile kipande, ili Musila akione kwa macho yake na asalimu amri.

Tukakitazama sote. Mwanamke akaita, mtoto akajibu, miguu ikapita. Baba yako akasema kirudiwe. Kikarudiwa. Akainuka akasogea karibu na TV mpaka akaiziba, akasema, "Huyu mtoto amevaa soksi za sufu ndani ya nyumba."

Mtoto wa huku angekuwa miguu mitupu, au na ndala, tena mchana angekuwa nje. Hilo si geti la baba yake. Hilo ni huko ng'ambo ya ukungu, mahali penye baridi, na msichana alienda peke yake. Ameshinda kesi na kupoteza mwisho wake mwenyewe kwa pamoja, na nilimwona usoni akilijua hilo.

Ni mimi niliyesema lile lingine. Sikulipanga. Nilisema sauti ya yule mwanamke ni ya Wahu, hiyo nimeijua tangu mwanzo, lakini huyo mtoto ni wa nani? Nani huko Finland ana mtoto mdogo anayejibu "nakuja, mama" kwa Kiswahili, na ulimi wake unateleza kidogo kwenye neno la kwanza kama wa mtoto anayesikia lugha hiyo kwa mtu mmoja tu?

Caro akasema polepole, "Mum, inaeza kuwa ni story tu." Lakini hata yeye hakuwa anacheka tena, na simu alikuwa ameiweka chini.

Baba yako aliketi. Aliisogeza chai yake pembeni bila kuinywa. Halafu akasema, tena kwa sauti ya kulalamika, kama mtu aliyefichwa habari zinazomhusu, "Kwa hivyo mke wangu ako huko kwa baridi yote hiyo, na hakuna mtu aliniambia."

Unajua jinsi wazee wetu wanavyowaita wajukuu walioitwa majina ya wake zao. Nimelisikia neno hilo likisemwa kwa utani katika kila boma. Sijawahi kulisikia likisemwa vile.

Nikamwuliza niseme nini nikikuandikia. Akafikiri. Akaniambia hivi, na nakuandikia kama alivyosema: "Mwambie nilisema asinipigie mpaka awe na bwana. Hiyo ni yake na mimi. Lakini niko na mke kwa nyumba yake, na hakuna mahali nilisema nisiongee na mke wangu."

Huyo ndiye baba yako, Wahu. Hata akiinama lazima apate mlango wa kupitia amesimama. Lakini mimi nilimpenda Jumapili ile kuliko nilivyowahi kumpenda tangu amwoe dada yangu, nami nilimpinga siku ya harusi mbele ya watu.

Sasa nakusema wewe. Kama una mtoto na umetuficha kwa sababu ya neno lile la mbuzi, nimekasirika, na nitakuwa nimekasirika kwa muda. Ulidhani mimi ningesema nini? Mimi niliyekufunga nepi? Lakini hasira yangu haishindi mshangao wangu. Hukuweza kutuambia, ukaenda ukatengeneza dunia nzima, na punda, na upepo, na visima, ukamweka mtoto mahali ambapo ni mtu wa kwenu tu angemwona, tena mtu wa kwenu mwenye subira ya kukaa mpaka majina yaishe. Sijui kama ulitaka tumwone. Nadhani ulitaka.

Pamoja na barua hii utakuta kifurushi. Kesho yake Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua kibanda, baba yako alikuja sokoni na mfuko, ndani mna sweta ya maruni ya mama yako, ile aliyokuvika Kona Baridi. Ameitunza na majani ya mwarobaini miaka yote hii. Akaniambia niifumue, nifume ya mtoto. Nilimwuliza mtoto wa umri gani, akasema nisimwulize maswali magumu. Ilinibidi nikae na uzi huo mapajani kwanza kabla ya kuanza, maana ulikuwa bado na umbo la mikono ya dada yangu. Nimefuma kubwa kidogo, atakua ndani yake. Uzi uliobaki nimeuviringisha nikauweka humo, ukihitaji kurefusha mikono.

Sitaki unieleze lolote ambalo hujawa tayari kulieleza, wala sikuulizi habari za baba yake mtoto. Nataka kujua mwisho upi ndio wa kweli, basi. Kama tumekosea, na ni hadithi tu, nirudishie sweta bila neno lolote, nami nitamwambia baba yako niliifuma vibaya. Kama tumepatia, usiirudishe. Kila Jumapili tukitoka kanisani baba yako atakuwa ameketi barazani na simu imejaa chaji. Ameniuliza mara mbili huko kwenu huwa saa ngapi wakati huku ni saa nane, na Caro amembandikia jibu nyuma ya simu.

Musila anakusalimu na anasema dereva alionewa. Caro anakusalimu na ana maswali mia kuhusu yule punda wa mwisho. Mama Rahab wa kwaya anakusalimu, na watu wa sokoni wote, ambao sasa nimewaambia ukweli wa kazi yako na hawajaielewa.

Mungu akufunike huko uliko, akuwashie moto ndani ya nyumba, na akuongoze njia ya geti siku utakayoitaka. Na kama yupo, mwinamishie kichwa kwa niaba yangu yule dada yangu mkubwa aliyerudi mdogo mwenye soksi, kisha umguse utosini, umwambie Mwongeli amemsalimu.

Ni mimi nikupendaye sana,
Mama yako mdogo,
Mwongeli.